Mistari Mitatu ya Mjomba

Shikamoo Mama. Nimerudi Junda kumjulia hali mkaza mjomba. Mvua haijakatika tangu asubuhi, naye amenipikia uji wa mtama. Nataka uijue habari ya uji huu, kwa kuwa mguu haukukuruhusu kuja kumzika ndugu yako.

Wiki ile aliyougua, mjomba alimkatia ng'ombe mistari mitatu ya mtama mchanga, akaacha mashina ya urefu wa shubiri kama desturi yake. Siku za matanga, sisi wageni tukamalizia iliyobaki. Tulifyeka hadi udongoni tukidhani tunasaidia. Yetu ilikauka yote. Yake ilichipua tena ikatoa masuke, mafupi lakini yamejaa, na ndiyo haya ninayoyanywa.

Mkaza mjomba hakutulaumu. Alisema tu, "Mwenyewe alikuwa akiinama, anapima kwa mkono."

Mungu akupe nafuu ya mguu, Mama. Nakuletea suke moja la mbegu. Ukifika wakati wa kukata, pima kwa mkono wako. Mkaza mjomba anasema vidole vyenu vilikuwa sawa.

Mwanao, Kadzo