Divai Niliyoiita Mbovu

S.L.P. 1187,
Butimba, Mwanza.
12 Juni 2025

Mpendwa dada yangu Akelo,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hispania, na kwamba mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umepona. Huku sisi hatujambo. Baba anatembea bila fimbo mpaka kanisani, na mlimao alioupanda marehemu mama umezaa hadi matawi yanainama.

Chupa yako Padri Alexander aliifikisha salama. Baba aliiweka kabatini wiki tatu akisubiri Pentekoste. Kila mgeni aliambiwa kwamba zabibu zake zilichumwa mwaka aliofariki mama, na kwamba divai ililala miaka mingi kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, hapo hapo unapofanya kazi. Nilimtania kwamba siku ya kuifungua atavaa suti. Kweli akaivaa.

Sasa dada, keti. Divai yako nimeiharibu.

Jumapili baada ya misa tulikuwa watatu: baba, shangazi Wilhelmina na mimi. Unajua kwetu kinywaji cha kutoka mbali hakinywewi mpaka mimi nimekinusa. Miaka kumi na moja nakagua sangara kiwandani Nyakato, nafunua shavu la samaki na kunusa, ndiyo maana baba ananiita pua ya nyumba. Akanimiminia mimi kwanza.

Ulisema divai nyeupe. Hii ilikuwa ya manjano iliyokolea, karibu na chai ya rangi. Kiwandani minofu myeupe ikigeuka manjano, imekwisha. Nikanusa, nikaonja, nikapata ukali wa ndimu basi. Nikasema imeoza. Shangazi hakungoja, akaibeba chupa kwenda kuimwaga shinani mwa mlimao.

Harufu ikapanda kutoka ardhini. Shangazi aliacha kumwaga, akauliza nani anakaanga karanga. Baba akasogea, akasema ni asali, tena na nta ya mishumaa ya kanisani. Wote wawili wakanigeukia. Nikasema ndiyo, kumbe inanukia vizuri. Nilisema haraka mno.

Baba aliichukua chupa, akaonja, akakaa nayo mdomoni muda mrefu. Alisema inaanza na ukali kama wa ukwaju, linafuata ganda la chungwa lililokauka, na ukishameza bado ipo. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kisha akaniuliza taratibu, "Rozina, hunusi tangu lini?"

Tangu mwezi wa pili, dada, nilipougua yale mafua makali. Sikumwambia mtu, nikidhani pua itarudi. Miezi minne nimepitisha samaki kwa macho tu, nikitazama jicho na rangi, na kumvizia mwenzangu Bernadeta anapokunja uso. Nimekata tamaa. Mimi sina cheti, nilikuwa na pua, na sasa sina. Ugali na kisamvu nimekuwa kama ninatafuna kitambaa. Silali kwa kuwaza kwamba aliyeiita mbovu divai nzuri huenda amekwisha kupitisha samaki mbovu akaenda kwenye sahani ya mtu.

Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema tu, "Usimpitishe samaki usiyemnusa." Jumatatu niliogopa, Jumanne na Jumatano vilevile. Kesho nitamwambia msimamizi wetu, Bwana Mayala. Sijui kama nitarudi nyumbani nikiwa na kazi.

Ndani ya chupa ilibaki kidogo. Baba ameiziba kwa gunzi la muhindi, na kila asubuhi ananisogezea ninuse huku akinitazama usoni. Leo pia sikupata kitu. Nakuomba dada, wewe unayeshinda na mapipa hayo, niandikie yananukiaje, harufu moja moja, nisije nikasahau.

Msalimie shemeji Odoyo, na mwanao Akinyi mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Shangazi Wilhelmina anakusalimu. Tangu Jumapili hajakaa sawa, anadhani kosa ni lake. Baba naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuandikie tu kwamba divai ilikuwa nzuri na kwamba mama alipewa kwanza, pale mlimaoni. Nimeshindwa kukuandikia hilo peke yake.

Mungu akufunike, akuzidishie afya.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rozina Owiti