Jiwe la Chunguni na Jiwe la Kofiani

Dada Nekesa,

Tangu tulipokuzika Bokoli, hasira haijanitoka. Ninayemkasirikia ni mwanao Wafula, na ni wewe pekee uliyeweza kumwambia "keti" naye akaketi.

Wageni walikuwa hawajamaliza chai ya matanga alipotoka chumbani mwako na lile jiwe lako la mtoni, amelishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hii ni uchawi, bana! Naitupa kwa choo!" Mbele ya majirani wale wale uliowatafutia ng'ombe wao waliopotea! Ulikuwa ukilitia jiwe hilo chunguni, ukajifunika leso na kuinama kulitazama. Nililinyakua mkononi mwake.

Unajua alijiunga na Wamormoni huku Kitale. Sikumzuia, ameacha pombe, na mkewe anacheka tena. Ila mimi husoma. Mwanzilishi wa dini yake, kijana wa shambani huko Marekani, aliwahi kukodiwa atafute hazina zilizofukiwa ardhini kwa kutazama jiwe. Baadaye alilitia jiwe kofiani, akazamisha uso humo ili nuru isiingie, akatamka maneno, wengine wakayaandika, yakawa kitabu chao kitakatifu. Huo si uzushi wa maadui: kanisa lenyewe limechapisha picha ya jiwe hilo, la rangi ya kahawia kama lako. Nilimwambia Wafula hayo pale pale.

"Hiyo ilikuwa ya Mungu, mjomba. Ya mama ni ya mashetani."

Nani alimwambia? Wewe ulisali kabla ya kuinama. Nilikuona. Jiwe la Mzungu likiwa kofiani ni unabii. La mama yake mzazi likiwa chunguni ni la kutupwa chooni!

Sisemi kwamba lilikuwa na nguvu. Ulitutuma hadi Mabanga kumtafuta ng'ombe wangu, tukarudi na vumbi masikioni, kumbe amefungwa nyuma ya jiko lako, kando ya pipa la maji. Ulicheka hadi ukakaa chini. "Si nilisema yuko karibu na maji? Kwani pipa si maji?" Dada, hapa hakuna anayecheka hivyo sasa. Wafula akitaka kusema kwamba mawe hayaoni, aseme kwamba yote mawili hayaoni, nami nitamsikiliza.

Jiwe liko mezani pangu, hapa Kibomet. Jumamosi tutalisakafia kaburi lako. Nimemwagiza Wafula aikoroge saruji yeye mwenyewe, nami nitalipachika jiwe upande wa kichwa chako, mchana, watu wakitazama. Amekubali, kwa sharti kwamba wakati huo atafunika uso wake.

Na aufunike. Nabii wake naye aliufunika, ili aone.

Pumzika, Dada. Maadamu ningali hai, hakuna atakayelibandua.

Ndugu yako