Tundu la Kifungo Lipo au Halipo?

Bibi wa ukurasa huu, shikamoo. Nisaidie kabla ya Alhamisi maana nimebanwa. Mimi ni mwalimu mgeni chuoni, nafundisha falsafa mwaka wa kwanza, nimepewa ile sehemu inayoitwa metafizikia, yaani kuuliza ni vitu gani vilivyopo na kuwapo kwenyewe ni nini, somo ninalolipenda kuliko chakula, lakini wanafunzi walianza arobaini na sasa wamebaki kumi na saba, wengine wamehamia biashara, na waliobaki wanaandika kila ninalosema, hata nikikohoa naona kalamu zinatikisika. Juzi nikasema nibadilishe, nikaacha maelezo, nikawauliza swali moja tu, "Tundu la kifungo kwenye shati lako, lipo au halipo?" Bibi, waliliandika. Wote waliinama wakaandika swali, wakalipigia mstari, wakanitazama. Wa mbele akanyoosha kidole, nikafurahi, kumbe anauliza, "Mwalimu, jibu tuliweke hapo chini au ukurasa mpya?" Kimya kikanitisha, nikawasomea jibu, nikasema matundu hayapo, kilichopo ni kitambaa tu, wakaandika, ila dada mmoja wa nyuma akafunga daftari akasema, "Basi mwalimu, hilo shati lako umelifungaje?" Wakacheka, nami kwa aibu nikamwambia hilo halimo kwenye mtihani. Sasa naye ameomba kuhama, na mkuu wa idara atakuja Alhamisi kukaa nyuma asikilize, akikuta darasa limelala somo linafutwa. Je, nirudi kwenye maelezo ya kuandika, au niache kazi hii nitafute nyingine?

Mwalimu Mwenye Koo Kavu

Marahaba, Koo Kavu. Shule niliiacha darasa la nne, na hilo jina la somo lako limenichosha taya. Lakini matundu ya vifungo usinifundishe! Nimeyatoboa na kuyazungushia uzi miaka thelathini na minne kwenye karakana ya sare, leo asubuhi nasoma kwamba hayapo. Una adabu wewe?

Nikamsomea barua yako shoga yangu wa cherehani ya pili, nikitegemea atanitetea.

"Mwalimu kasema kweli," akanijibu. "Tundu ni pale pasipo na kitambaa. Sasa pasipo na kitu pana nini?"

"Pana tundu!"

"Haya, nishikie hilo tundu bila kushika shati."

"Na wewe nishikie mkunjo wa suruali bila suruali. Nao haupo? Mbona unaupiga pasi nusu saa?"

Akacheka mpaka akachomoa sindano mdomoni. Kisha akaniweza. "Shoga, ukitoboa tundu, unaliongezea shati kitu au unalinyang'anya?"

Nikainua shati nililokuwa nalitoboa, nikalitazama upya. Maana ni kweli, naongeza tundu kwa kupunguza kitambaa. Mkata vitambaa akaja kuuliza ugomvi wa nini, akavuta kiti, naye akashika upande wake, tena upande wa kijinga. Hadi adhuhuri hakuna shati lililokwisha, na hakuna aliyeomba kuhamia biashara.

Umeliona kosa lako? Swali lilikuwa zuri, mwoga ni wewe. Umewapa watu kitu cha kutafuna halafu ukawatafunia. Wale watoto si wajinga, wamesomewa majibu tangu wadogo, wakadhani na hili ni hivyo hivyo. Na yule dada wa nyuma ndiye peke yake aliyefanya somo siku ile, nawe ukamzima. Mtafute leo umwombe radhi. Usimtumie ujumbe, nenda na miguu yako.

Kazi huachi, na maelezo hurudii. Alhamisi beba shati lenye vifungo vyote ila halijatobolewa hata tundu moja, pamoja na mkasi. Kalamu zote zikae dirishani. Mwite yule dada alifunge mbele ya wenzake. Akishindwa, uliza limekosa nini. Kisha atoboe, nawe uliza shati limepata au limepoteza. Hapo kaa chini ufunge mdomo! Kimya kikija kiache kipite, hakiumi. Anayesema tundu lipo atuambie limetengenezwa na nini. Anayesema halipo atueleze kifungo kimepita wapi. Asiye na sababu akae, hatupigi kura hapa. Wakikubana useme jibu, waambie upande unaoegemea na mahali unapokwama, maana najua umekwama. Lile jina refu la somo walisikie mwisho, wakishaonja, wajue walichokuwa wakifanya kinaitwaje.

Na mkuu wa idara asikutetemeshe. Akishindwa kuvumilia huko nyuma akataka kusema, na anyooshe kidole kama wenzake, angoje zamu.