Nanasi la Kwenye Mfuko

Nsawam,
Jumapili.

Mpendwa dada yangu Konadu,

Niwie radhi kwa kukaa kimya miezi minne. Barua zako mbili zimenifika, na kila nilipokaa kuzijibu mtoto alilia, au mimi mwenyewe nilisinzia kalamu mkononi. U hali gani? Shemeji na mgongo wake je? Sisi tu wazima, ila usingizi tunausikia kwa majirani. Simu ningepiga, lakini kuta za nyumba hii ya wapangaji ni kama karatasi, na haya si ya kusikiwa na kila mtu.

Mtoto ni wa kike. Alizaliwa Alhamisi, kwa hiyo anaitwa Yaa, na hana jina jingine mpaka leo. Ana siku kumi na saba na bado hatujamtoa nje kumpa jina, jambo la siku ya nane. Najua utasema ni aibu. Ngoja, nitafika huko.

Unamkumbuka mama mkwe wangu, Maame Birago. Alikuja kunitunza mimba ikiwa na miezi mitano, akashuka na masanduku mawili, moja la nguo, jingine la marufuku. Nanasi marufuku, eti linatoa mimba. Papai marufuku, liwe bivu liwe bichi. Ndizi mbivu, eti mtoto atakuwa na kichwa kikubwa asipite. Nikamweleza alivyotufundisha nesi kliniki: matunda ni mazuri kwa mjamzito, papai bichi lenye utomvu ndilo la kuacha, na kila tunda ulioshe kwa maji safi kabla hujalimenya, ulikate mwenyewe, usinunue lililokatwa barabarani. Akaniuliza huyo nesi kazaa wangapi. Nikasema mmoja. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka. "Mmoja! Mimi nimezaa saba, bibi wee, halafu wa mmoja ndiye anifundishe nanasi?"

Sasa sikia kichekesho. Mtu huyo huyo anayeogopa ndizi aliniletea udongo mweupe wa sokoni, ule wa mviringo kama mayai, unaoanikwa kando ya njia mbuzi wakipita juu yake. Eti nitafune, unatuliza kichefuchefu. Udongo, dada! Tunda la Mungu ni sumu, vumbi la kwato ni dawa. Nilimdharau, sifichi. Nilikuwa nikisema asante, Maame, kisha nautupa chooni. Naye mume wangu Asiamah, mwanamume anayeinua tairi la lori peke yake, hakuweza kuinua sauti mbele ya mama yake. Kila nikilalamika ananiambia mama ni mama, vumilia.

Mwezi wa saba wa mimba nikaugua. Homa, kuhara, tumbo likakaza kama ngoma. Hospitali wakasema nimekula uchafu na mtoto anataka kutoka kabla ya wakati. Nililala na dripu siku nne, nikimhesabia mateke yake kwa kiganja. Daktari akauliza nimekula nini. Mama mkwe, amesimama miguuni pa kitanda, akadakia kwamba ni nanasi, mkaidi huyu anamjua. Ndipo nikafungua kinywa nikasema ni udongo, mama ananilisha udongo kila siku. Daktari akamtazama yule mzee kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Siku hiyo Asiamah akapata sauti: akamwambia mama yake afungashe arudi kwao. Mzee aliuliza tu kama homa yangu imeshuka, akaondoka.

Dada, udongo ule sikuwahi kuumeza hata chembe.

Nilichokula ni nanasi la kwenye mfuko, la mama mmoja anayeuza yaliyokwisha kukatwa pale stendi. Nanasi zima ningelipeleka nyumbani lingenisaliti kwa harufu na maganda. Ndoo yake niliiona. Maji yale yale tangu asubuhi, yanaosha kisu, yanaosha mikono, yananyunyiziwa nanasi ling'ae, na maji yenyewe rangi kama chai. Na mimi, niliyekuwa nikimsomea mzee maneno ya nesi pua juu, nilikuwa nasimama nyuma ya makreti yake namaliza mifuko mitatu kama mwizi. Wiki tatu nzima. Nanasi halikuwa na kosa, ila nilishindwa kumkabili mzee nikamwambia, Maame, hili ni langu, nimeliosha, nalila. Yeye hakujua. Mimi nilijua, na nusura nimzike mwanangu kwa woga wangu.

Asiamah aliahidi zamani kwamba binti wa kwanza ataitwa Birago. Tangu hospitali hataki kulisikia jina hilo. Jana akaniambia tumtoe Jumamosi, apewe jina la shangazi yake. Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote, fufu ikipoa mbele yake. Alinawa mkono bila kula. Akasema kinywa kilichomfukuza mama yake, yaani changu, ndicho kitakachomwita.

Na wewe uko karibu na kijiji chao, na mkosaji haendi kuomba radhi peke yake, hutanguliza mtu. Nenda, dada, na chupa ya pombe ya jini na mayai, vitu vya kuombea radhi. Msomee barua hii yote, hata nilipomkejeli. Akikasirika, akasirikie ukweli. Mwambie Jumamosi inamngoja yeye na jina lake. Mwambie pia udongo hautaingia tena nyumba hii, na matunda nitakula mezani mbele ya macho yake, yameoshwa. Hilo silipunguzi.

Nisalimie shemeji, wanao, na wote wa ua wa mama. Yaa anawasalimu kwa kelele.

Ninavyohitaji bado: sifongo mbili za nyuzi za kuogeshea mtoto, sabuni nyeusi vipande vitatu, kopo la mafuta ya shea, vitenge viwili vikuukuu vilivyolainika vya kumbebea mgongoni, na Maame Birago. Umkalishe kiti cha mbele kwenye gari, akikaa nyuma hutapika.

Mdogo wako,
Afriyie