Gari Ulilotuachia Halijaota Kutu

Kaka yangu,

Gari lako zima. Fundi wa bodi amegonga sakafu yake kwa bisibisi, hakukuta kutu, akashangaa: "Na mnakaa ufukweni?"

Nakiri kosa. Nililifunika kwa lile turubai ulilonikataza, kumbe linafuga unyevu wa chumvi. Mama akalivua. Kila Ijumaa akawa anaosha uvungu kwa maji ya bomba na kupaka grisi vichwa vya betri, mimi namcheka.

Juzi Mama alianguka bafuni, akazimia. Gari likawaka mara moja, tukawahi hospitali. Usihangaike, amesharudi nyumbani, anakula na kugomba. Kule hospitali, alipofumbua macho tu aliniuliza, "Umeliegesha upande wa bahari?"

Nikakimbia kulihamisha, machozi na kicheko pamoja.

Ni mimi,
Kitindamimba wenu