Sinema Moja, Nyumba Mbili

Jumamosi, 3 Mei
Nimefunga duka saa kumi na moja. Mvua. Nimepika chai, nikaweka simu kando ya TV, Wambui kwa spika. Kwake Amerika ni saa tano asubuhi, kwangu saa kumi na mbili jioni. Sinema ile ile, tukaianza pamoja. Intaneti ya hapa Munyaka ikakwama mara nne. Kufika katikati nilikuwa dakika sita nyuma yake. Anacheka, mimi bado sijafika pa kucheka. Nikifika, ameshanyamaza. Miaka miwili sasa tangu mke wangu aende kule kufanya kazi ya unesi. Nimechoka kumfuata nyuma.

Jumatatu, 5 Mei
Kifurushi kutoka kwa Wambui. Kimeletwa na Kiprop, mkimbiaji wa kambi ya Kaptagat. Alikuwa Amerika kwa mbio, na ng'ombe wake hula chakula kinachotoka kwa duka langu. Ndani: sweta moja na diski tisa za sinema. Blu-ray, kasha la bluu. Wambui amejinunulia sinema hizo hizo. Anasema kila mtu akiwa na diski yake, hakuna kukwama. Kinachobaki ni mimi kupata mashine ya kuzichezea.
Sweta inanuka sabuni nisiyoijua. Nimeivaa mchana kutwa.

Jumatano, 7 Mei
Nimeenda mjini kwa Barasa, anayeuza TV na redio. Mtu wa Bungoma, hana haraka, hadanganyi. Ana mashine mbili. Ya kwanza inasoma diski za bluu peke yake. Ya pili inasoma bluu na pia zile za 4K, za kasha jeusi, picha safi zaidi. Nilitaka ya kwanza. Tukaijaribu na diski ya Wambui. TV ikaandika kwamba diski hii haichezwi eneo hili. Tukajaribu ya pili. Vile vile.
Barasa akanieleza polepole. Walioziunda wameigawa dunia. Bluu ya Amerika inataka mashine ya Amerika. Bluu ya Ulaya na ya huku kwetu inataka mashine ya huku. Nyeusi hazina mpaka, zinacheza popote, lakini ni ghali na si kila sinema utaipata.
"Sasa Kariuki," akaniuliza, "wewe na madam mtakuwa mnaangalia wapi? Hapa ama kule? Kama ni hapa, mwambie aache kununua za kule."
Nikasema nitamuuliza. Nimetoka bila kununua kitu.

Alhamisi, 8 Mei
Sijamuuliza.

Jumamosi, 10 Mei
Nimemuuliza. Kabla ya sinema, nikiwa nimesimama. Nilianza na mambo ya diski. Kisha nikasema mkataba wake unaisha Desemba, kwa hivyo tununue za huku.
"Kariuki, niliongeza mkataba. Miaka mitatu."
"Lini?"
"Mwezi wa pili."
Mwezi wa pili. Tangu wakati huo hatujakosa Jumamosi hata moja. Kila Jumamosi alikuwa anajua. Alisema aliogopa kuniambia. Nilikata simu akiwa bado anaongea. Hatukuangalia chochote.

Jumanne, 13 Mei
Nina hasira. Leo nimemjibu vibaya mama mzee aliyekuja kununua dawa ya kupe. Jioni nikamfuata kwake kumwomba msamaha. Akanisamehe hata kabla sijamaliza. Akauliza kama mke wangu hajambo. Nikasema hajambo. Ni kweli. Mwenye jambo ni mimi.

Jumamosi, 17 Mei
Ilipofika saa kumi na mbili nilizima simu. Nikaenda dukani kupanga magunia ya chakula cha kuku. Yalikuwa yamepangwa tayari. Nikayapanga upya.
Nilipowasha simu nikakuta ujumbe wa sauti. Ni yeye. Anasema ameketi mbele ya TV, hajabonyeza, atangoja mpaka saa ya kwenda kazini. Basi. Nimeusikiliza mara tano. Nilitaka kumpigia, sikumpigia. Kiburi ni kitu kijinga na mimi ninacho kingi.

Jumatatu, 19 Mei
Nimempigia. Tumeongea karibu saa mbili nzima. Nilimuuliza kwa nini alinificha. Nilitarajia aseme ni shida, ni hali ya maisha. Akasema anaipenda kazi. Wodini wanamsikiliza. Hapa nyumbani alifanya miaka minane kwa vibarua vya miezi mitatu mitatu, hakuna aliyemsikiliza.
"Kama ingekuwa ni shida imeniweka huku," akasema, "ningekuambia siku hiyo hiyo. Niliona aibu kwa sababu napenda."
Akaniomba niende tukaishi huko. Nikamwambia siwezi kuacha duka. Baadaye kidogo nikasema ukweli: napenda hapa. Napenda baridi ya hapa, napenda wakulima wanaokuja kuniuliza ndama ana nini. Na yeye nampenda. Yote ni kweli na hayaingii nyumba moja.
Tumekubaliana hivi. Nitaomba viza, niende Agosti nikae naye mwezi mmoja. Yeye atakuja Krismasi. Hilo si jibu. Lakini sasa hakuna kilichofichwa.

Ijumaa, 23 Mei
Nimerudi kwa Barasa. Nimechukua mashine ya pili, ile inayosoma na za kasha jeusi. Akauliza kama tumeamua ni hapa ama ni kule. Nikamwambia bado.
"Basi hiyo ndiyo inakufaa," akasema, akaendelea kuifunga.
Alikuwa na sinema moja tu ya kasha jeusi. Wambui ameipata kule pia, pamoja na mashine ya kuichezea. Zile tisa nitampa Kiprop azirudishe akisafiri tena.

Jumamosi, 31 Mei
Wambui alikuwa ametoka zamu ya usiku. Nikamwambia alale, tutaangalia wiki ijayo. Akakataa. Tukahesabu mpaka tatu, tukabonyeza.
Picha safi sana. Unaona hadi uzi uliolegea kwa shati ya mtu. Sauti ya TV yake na ya TV yangu zilikuwa moja.
Baada ya kama nusu saa nikamuuliza swali, hakujibu. Nikamwita. Kimya. Halafu nikasikia anavyopumua. Alikuwa amelala, simu karibu na uso. Bado hukoroma kidogo akilala upande wa kushoto, kama alipokuwa hapa.
Nikapunguza sauti ya TV mpaka mwisho. Nikasogeza kiti karibu na simu. Sinema iliendelea yenyewe. Sijui iliishaje.