Mwanamke wa Udongo Aliyetoka Kwenye Tuta

Jumanne, 4 Oktoba 1994
Nimechimba tuta la chini tangu asubuhi. Mvua imekaribia na pojo bado hazijapandwa. Jembe likagonga kitu, nikadhani jiwe. Kumbe mwanamke! Wa udongo, urefu wa kiganja changu. Hana uso, hana miguu. Matiti yamelalia tumbo, na tumbo lenyewe — kubwa. Nimemwosha kwenye karai. Mume wangu Naftaly alipomwona alicheka, halafu akaacha. Akasema nimfunike, watu wasije wakaona.

Alhamisi, 6 Oktoba
Wameshaona. Kosa ni langu. Nilimwonyesha Mwalimu Ndambiri, anayefundisha historia sekondari hapa Ishiara, nikidhani atajua. Anajua mno! Amekaa saa nzima akimweleza Naftaly kwamba watu wa kale waliitumia kuomba mvua na watoto. "Hii ni kitu takatifu, mzee. Ni ya museum." Akapita Runji wa bucha, mzee wa kanisa kama Naftaly. Yeye anaona ni uchafu tu, wanaume wa zamani walijifurahisha nayo. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi niliyemchimbua hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumapili, 9 Oktoba
Sanamu imetajwa kanisani. Jina langu halikusemwa ila shingo zote ziligeuka. Wameamua ivunjwe Ijumaa mbele ya wazee, na aivunje Naftaly mwenyewe kwa kuwa imetoka shambani kwake.

Jumatano, 12 Oktoba
Leo mchana nimefunga mlango nikamtazama vizuri. Chini ya kitovu ana mistari, imechorwa kwa ncha ya kitu, mmoja mmoja. Nikainua gauni nikajitazama. Ni ile ile! Tumbo langu la Machi limeondoka, mistari imebaki. Ukiwa mja mzito ukainamisha kichwa, unaona nini? Matiti. Tumbo. Miguu huioni, na uso wako pia huuoni. Si mungu huyu. Wala si malaya wa mtu. Ni mama aliyejitazama, akajifinyanga.

Nimelia sana. Mtoto wangu alizaliwa kimya. Mama mkwe alisema wa namna hiyo huzikwa na wanawake, baba haonyeshwi mahali, wala hakuna kulia. Tulikwenda watatu, tukarudi, nikaambiwa nipike. Angekuwa Mukami, jina la mama mkwe mwenyewe, maana ndiye msichana wa kwanza. Hakuna aliyemwita hivyo hata mara moja. Miezi saba, na Naftaly hajatamka neno. Majirani wanasema nitapata mwingine. Simtaki mwingine, namtaka yule. Sasa nimepata mmoja tu anayefanana nami, na keshokutwa wanamvunja.

Ijumaa, 14 Oktoba
Naandika haraka, jikoni. Wazee wako uani. Runji amekuja na nyundo. Mwalimu naye amekuja, anawasihi waipeleke Nairobi. Wanabishana tena, takatifu, uchafu, takatifu.

Naftaly aliingia kuichukua. Nilikuwa nimeamua kunyamaza — sikuweza. Nilimshika kidole nikakipitisha kwenye mistari ya udongo, kisha kwenye yangu. Nikamwambia aliyemtengeneza huyu alikuwa na mtoto tumboni. Na mimi nilikuwa naye. Na anaitwa Mukami.

Akaketi kwenye gunia la mtama, sanamu magotini. Runji akaita. Naftaly akarudisha kidole kwenye mistari ya udongo, mmoja mmoja. Miaka sita ya ndoa na sijawahi kumwona hivyo. Kisha akaniuliza, polepole:

"Celina, mlimlaza wapi?"

Nimemwambia ni kule ng'ambo ya korongo, avae viatu, kuna miiba. Anavitafuta chini ya kitanda. Runji anaita mara ya tatu.